Njia za Gando: za Maji na za Nchi Kavu

Mhariri wa gazeti hili la mkutano wetu ameniandikia barua ya mistari mitatu. Ametaka historia ya Gando, ametaka iwe ya kurasa chache, na ametaka iwafae wazee tuliosoma zamani pamoja na vijana waliomo madarasani hivi sasa. Nimekaa na barua hiyo wiki mbili, maana Gando haina mfalme aliyesifiwa vitabuni wala gofu kubwa la kupigiwa picha. Mwisho nimeona bora niandike juu ya njia. Kila mmoja wetu aliyetoka upande ule alifika skuli kwa njia, na sisi wa Gando njia zetu zilikuwa mbili: moja ya udongo mwekundu iendayo Wete, na moja ya maji.

Katika ramani iliyotundikwa ofisini kwangu barabara imechorwa kwa mstari mwekundu. Mstari huo unatoka Mkoani, unapita Chake Chake, unafika Wete, na kutoka Wete kuna kitawi kimoja kinachokwenda kaskazini magharibi kiasi cha kilomita 15, kisha kinakatika ukingoni mwa bahari. Pale kinapokatika pameandikwa Gando. Mtu asiyepajua atadhani kuwa amefika mwisho wa dunia. Nami nakiri kwamba kwa miaka mingi ya kazi nimepaona hivyo hivyo, ijapokuwa kitovu changu kimezikwa huko. Lakini kwa sehemu kubwa ya historia yake Gando haikuwa mwisho wa njia yoyote. Ilikuwa mlangoni, na mashamba ya katikati ya kisiwa ndiyo yaliyokuwa uani.

Tuanze na nchi yenyewe. Pemba imetengwa na Mrima na mkondo wa bahari wenye upana wa kiasi cha kilomita 50, na kina chake mahali pengine kinakaribia mita 800. Upande wa magharibi wa kisiwa bahari imeingia ndani ya nchi kwa hori nyingi, na baina ya hori na hori pana vilima na mabonde ya mpunga. Mtu akitaka kutoka kijiji kimoja kwenda cha pili kwa miguu hupanda, hushuka, huvuka bonde lenye tope, hupanda tena, hata jasho limtoke. Na kumbe kwa mtumbwi safari hiyo hiyo ni kuvuka hori tu. Mbele ya pwani hiyo vimejipanga visiwa: Njao, Fundo, Uvinje, Kokota, Funzi na vyenginevyo vidogo. Baina yao ipo milango ya kutokea bahari kuu, na ndani yao maji hutulia hata wakati kusi linapovuma kwa nguvu. Gando imekaa ndani ya kinga hiyo, mkabala wa Njao na Fundo. Nahodha aliyetoka Mombasa au Vanga akaingia kwa milango ile, alikuwa ameshafika Pemba siku nzima kabla ya karani wa Chake kuwa na habari naye.

Hapana budi nieleze pia jambo ambalo watoto wa mjini hawalijui vyema, nalo ni saa ya maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, na maji hupanda na kushuka kiasi cha mita tatu hata nne. Siku hizo katika pwani yetu bahari hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku saa hiyo husogea mbele kwa kiasi cha dakika hamsini, hata yakaingia maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haikupwi sana. Barabara ya maji, basi, hufunguliwa na kufungwa mara mbili kwa siku, na ufunguo wake hakuna ofisi iliyoushika. Mtu wa Gando wa zamani alizaliwa anajua hesabu hiyo kama mwengine alivyozaliwa anajua njia ya kisimani.

Sasa tuitazame miji ya kale. Ukiichukua yote ukaiweka juu ya ramani moja utaona kuwa hapana hata mmoja uliojengwa mbali na maji. Ras Mkumbuu uko kwenye ncha ya rasi ndefu magharibi ya Chake, na wataalamu wengi wanaona huenda ndio Qanbalu aliyoitaja msafiri wa Kiarabu Al-Masudi, ambaye mara yake ya mwisho kusafiri kutoka huko kwenda Oman ilikuwa kiasi cha mwaka 916. Chwaka na Tumbe iko pwani ya kaskazini. Pujini, ngome ya karne ya 15 ambayo watu wetu huinasibisha na Mkama Ndume, iko upande wa mashariki ambako vyombo hupata tabu kukaribia. Na kwa kuwa bahari haikumfikia mwenye ngome, yeye aliifuata kwa kuchimba mfereji kupitia mikokoni ili vyombo vije mpaka chini ya ukuta wake. Tumekwisha kusimuliwa mengi juu ya ukatili wa mtu yule, lakini mimi kila nikiuona mfereji ule huvutiwa na akili yake zaidi kuliko ukali wake. Alitaka barabara, akaijenga ya maji.

Karibu zaidi na sisi ni Mtambwe Mkuu. Wangapi katika waliosoma Wete wamewahi kuvuka hori kwenda kukitazama? Nasi tulikuwa tukikiona kila siku tukiteremka bandarini, tukakihesabu kuwa ni kichaka cha mikoko na minazi. Mwanajiografia Yaqut, aliyeandika katika karne ya 13, ametaja miji miwili ya kisiwa hiki, na majina aliyoyaandika yanasomeka kuwa ni Mtambwe na Mkumbuu. Mwaka 1984, katika uchimbaji wa mtaalamu wa mambo ya kale Mark Horton, zilipatikana pale sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha, ndogo ndogo kama magamba ya samaki, na chache za dhahabu kutoka nchi za ng'ambo. Zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani hii hii, na maneno ya upande mmoja yanaoana kwa vina na ya upande wa pili. Mji uliokuwa na fedha yake wenyewe! Leo hufikiwa kwa mtumbwi kutoka Wete, au kwa miguu kutokea Mtambwe Nyali maji yakiwa yamekupwa. Hapana gari litakalokufikisha, na pengine ndiyo sababu ya kusahauliwa.

Baada ya miji hiyo kufa vyombo havikupumzika. Pemba ilikuwa ghala ya chakula ya Mombasa. Mpunga wa mabonde yetu uliwalisha waliokaa ndani ya Ngome ya Mombasa na waliokuwa nje yake pia, na ndiyo maana kila aliyeitawala Mombasa alitaka kuishika na Pemba: Wareno kwanza, kisha Mazrui katika karne ya 18, mpaka majeshi ya Sayyid Said yalipowatoa Mazrui hapa mwanzoni mwa miaka ya 1820. Ukiitazama Mombasa kutoka Gando iko kaskazini, na wakati wa kusi chombo hukimbia kwenda huko chenyewe, mtu akashika shikio kwa mkono mmoja na kwa mkono mwengine akala muhogo. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi, ikabidi kungoja kaskazi au kubisha upepo.

Karafuu ndiyo iliyobadili mambo. Mikarafuu ilianza kupandwa kwa wingi Unguja na Pemba katika zama za Sayyid Said, na mwanzo Unguja ilitangulia. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba ikaponea chupuchupu. Tangu hapo karafuu nyingi zimetoka kwetu. Lakini miti hiyo ilihitaji mikono, na hapa hatuna budi tuseme yaliyo kweli hata kama yanatuuma. Mwaka uliofuatia, 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia kuwapitisha baharini. Kwa hiyo bei ya mtumwa ilipanda pale pale mikarafuu ya Pemba ilipokuwa na thamani kubwa, na mkondo wetu ukawa njia ya kuwavusha kwa siri kutoka pwani ya Tanga na Pangani. Safari ilikuwa fupi, usiku mmoja, na hori zenye mikoko zilificha kila kitu. Manowari ya Kiingereza London ilitia nanga Unguja na kutuma mashua zake kulinda maji haya. Disemba 1881 mkuu wa manowari hiyo, Kapteni Brownrigg, aliuawa katika bahari ya Pemba alipotaka kukagua jahazi lililopeperusha bendera ya Kifaransa na ndani yake mkiwa na watumwa. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa amri mwezi wa Aprili 1897. Basi tunaposifu njia ya maji, tukumbuke na wale waliofunikwa majamvi chini ya sitaha. Wengi wetu tuna bibi au babu aliyeingia kisiwani kwa mlango huo, na kwa kawaida nyumbani halizungumzwi.

Barabara zilikuja nyuma ya yote haya. Afisa mmoja wa Kiingereza, Kapteni Craster, alikuja kupima kisiwa chote ili kutengeneza ramani yake, na kitabu chake juu ya Pemba kilichapishwa London mwaka 1913. Kazi aliyoifanya ilikuwa kubwa, kwa sababu kupima Pemba ni kupima mlima na bonde, mlima na bonde, na mikarafuu imekuziba macho usione mbele wala nyuma. Ramani hiyo ilipokuwa tayari, Serikali iliweza kuuliza swali ambalo kabla yake halikuwa na maana: barabara ipite wapi?

Jawabu lilitolewa na karafuu. Miji mitatu iliyofanywa makao ya wilaya, yaani Wete (wakati huo ikiandikwa Weti), Chake Chake na Mkoani, yote mitatu imekaa kwenye maji ya magharibi, na barabara kuu ikapitishwa kuiunganisha. Yaani barabara haikuja kuiondoa bahari, ilikuja kuihudumia. Ilikuwa ni mfereji mwengine wa kuteremshia magunia bandarini, ambako meli ya Serikali iliyapakia kuyapeleka Unguja. Wazee bado wanaikumbuka meli iliyoitwa Al Hathera, jina lililotokana na lile la Kiarabu la kisiwa chetu, Al-Khadhra, chenye rangi ya kijani. Unguja walipata hata gari la moshi, kutoka mjini mpaka Bububu, lililoanza mwaka 1905. Sisi hatukupata, na nadhani hatukukosa kitu, kwani reli ile fupi haikudumu hata miaka ishirini na mitano kubeba abiria. Kufika baina ya vita viwili vikuu magari yalikuwa yakipita Pemba, na Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa mwaka 1927, kikawa mnunuzi mkubwa mijini.

Hapo ndipo miji yetu midogo ilipoanza kugeuka sura. Zamani duka la Mhindi lilikuwa pale vyombo vilipofika. Sasa duka likahamia pale lori liliposimama. Konde ilikua kwa sababu ya njia panda, si kwa sababu ya bandari. Vijiji vilivyokuwa na diko zuri lakini havina barabara vikaanza kuitwa "shamba", na vyenye barabara vikaitwa "mjini" hata kama ni vibanda vitano na mti wa mwembe. Sisemi kuwa ni kosa la mtu. Magurudumu yana sheria zake kama tanga lilivyo na zake.

Gando ilibaki baina ya mambo mawili. Njia yake ya nchi kavu ilikuwa ya udongo, na masika yakiingia gari hukwama mpaka watu wakateremka kusukuma. Kwa hiyo mashua ziliendelea. Ndizi, muhogo, nazi, samaki wakavu, majamvi na makuti vilikwenda Wete kwa kuzunguka baharini, na vyombo vya kwenda Mrima viliondoka na kurudi kama kawaida. Mzee mmoja wa kijijini kwetu aliniambia kuwa ujanani mwake aliijua Mombasa vichochoro vyake vyote, na Chake Chake alikwenda mara ya kwanza akiwa na wajukuu.

Kilichoifunga njia ya maji hakikuwa barabara, bali mpaka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 biashara ya karafuu iliwekwa mikononi mwa Serikali, na bei aliyopewa mkulima ikawa chini mno kulinganisha na ile iliyopatikana ng'ambo. Karafuu ile ile iliyovushwa kwenda Shimoni au Mombasa iliuzwa kwa fedha nyengine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chakula nacho kilikuwa adimu, na unga na mchele ukawa ndio unaorudi katika vyombo vilivyopeleka karafuu. Adhabu zilikuwa kali mno. Kikaundwa Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ambacho sote tunakijua kwa jina la KMKM. Nahodha aliyekuwa jana ni mtu wa kuheshimiwa kijijini, leo akawa mtu wa kuulizwa: ulikuwa wapi usiku, chombo kimebeba nini, tanga jipya umelipata wapi? Mimi ni mtumishi wa Serikali, na najua kuwa nchi haiwezi kuendeshwa bila ya mapato, na karafuu ndiyo iliyojenga skuli nilizosoma bure. Hata hivyo najua pia kuwa mvuvi wa kweli aliyechelewa maji alipata tabu ile ile aliyopata mlanguzi. Mambo yalilegea bei ilipokuwa nzuri na kukaza ilipokuwa mbaya. Mwaka 2011 Serikali ilipopandisha sana bei ya mkulima, magendo yalipungua bila ya kufukuzana.

Kizazi changu kimezaliwa katikati ya hali hiyo. Nilipoanza masomo ya sekondari katika miaka ya 1990 baba yangu alinitaka nipande gari, kwa sababu gari lilikuwa na heshima. Lilikuwa gari la bodi la mbao, viti viwili vimeelekeana, katikati magunia, kuku na ndoo za samaki, na vijana wa skuli tukining'inia nyuma tusichafue mashati. Likiondoka alfajiri lilifika wakati lipendapo. Siku moja ya masika halikuja kabisa, na ilikuwa siku ya mtihani. Ami yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, alinyanyua macho akautazama mwezi uliokuwa bado uko juu, akaniambia, "Twende dikoni sasa hivi, maji yanatungoja." Tukaondoka kwa mashua giza halijapasuka. Njiani alinionyesha kila jiwe kwa jina lake, hili la fulani, ule mkondo wa fulani, hapa usikate mpaka uone mnazi ule umekuwa sawa na ncha ile. Nilimjibu "naam, ami", na kichwani nilikuwa nakariri kanuni za hesabu. Nilifika mtihanini mapema kuliko watoto wa mjini. Majina ya mawe yale leo nayakumbuka matatu, na ami yangu ameshatangulia mbele ya haki.

Lami ilifika Gando katika miaka ya 2010, na asije mtu akasema kuwa makala haya yanaipinga. Mama mwenye uchungu anafikishwa hospitali ya Wete wakati bado ana matumaini. Samaki anatoka dikoni asubuhi na kabla ya adhuhuri yuko Chake, na barafu juu yake. Walimu wanakubali kupangiwa Gando bila ya kutafuta barua ya daktari. Umeme nao umekuja, na nacheka kila nikikumbuka kuwa huo haukuja kwa barabara: tangu mwaka 2010 unapita chini ya bahari kwa waya kutoka upande wa Tanga, ukifuata takriban njia ile ile ya majahazi.

Wala sitaki kuwadanganya vijana kuwa bahari ni shwari siku zote. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba kutoka Unguja, imejaza kupita kiasi. Watu zaidi ya mia mbili walithibitishwa kufa na wengi mno hawakuonekana tena, na hakuna kijiji chetu kisichokuwa na nyumba iliyokaa matanga bila ya maiti. Tangu siku hiyo wako wazazi wasiotaka mtoto wao aguse hata kasia. Meli kubwa ya Serikali, Mapinduzi ya Pili, ililetwa mwaka 2015 baada ya kilio hicho. Lakini mashua ya kijijini hakuna aliyeisemea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja niliyokuwa nikifanya kazi, tulipewa jaduweli ya kupanga vijiji vya kupatiwa huduma. Kila kijiji kilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na vyumba: idadi ya watu, skuli, kituo cha afya, maji, njia. Katika chumba cha njia tuliandika lami, kifusi, udongo, au hakuna. Nilipofika kwenye kijiji kimoja cha kisiwani Fundo niliandika "hakuna", nikaendelea na mstari wa pili. Yalipojumlishwa, kijiji kisichokuwa na njia kilishuka chini ya orodha, kwa hoja kuwa vifaa haviwezi kufikishwa. Ombi lao la kutengenezewa diko, ngazi ya mawe tu na taa, likarudi na muhuri.

Baada ya miezi nilipelekwa Fundo kwa kazi nyengine. Nilivuka kutoka Gando kwa mashua, maji yamejaa, upepo mzuri, nikafika bila ya kulowa viatu. Mzee mmoja aliyenipokea, baada ya kahawa, aliniuliza kwa adabu sana: "Mwanangu, nasikia mmeandika kuwa kwetu hakuna njia. Wewe hapa umekuja kwa nini?" Sikuwa na la kumjibu. Mkono ulioandika neno lile ulikuwa huu huu ulioshika kikombe chake. Nami si mgeni, nimezaliwa ng'ambo ya pili, nimepelekwa mtihanini na maji yale yale.

Niliporudi niliandika waraka. Sitasema kuwa waraka ule ulifanya miujiza. Jaduweli bado ina chumba kimoja cha njia, na fomu ni fomu. Ila pembeni, kwa kalamu, nimezoea kuongeza nguzo moja: maji yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi, na chombo hufika wapi. Mkubwa wangu mmoja aliniuliza hiyo ni ya nini. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema iongezwe na kwa visiwa vya upande wa Mkoani. Diko lile la Fundo halijajengwa hadi ninapoandika haya, lakini ombi limo tena ndani ya faili na halina tena neno "hakuna".

Nimemwomba Mhariri jambo moja, naye amekubali kulitangaza. Wanafunzi wa sasa wanaotoka Gando, Ukunjwi, Fundo, Mtambwe na Kojani waje mkutanoni na madaftari. Wakae na babu zao na ami zao kabla ya siku hiyo, wayaandike majina ya mawe, mikondo na milango, na alama zinazotumiwa kuyapita. Mimi nitaleta matatu yangu. Maalim wa jiografia ameahidi karatasi kubwa ya ramani.

Na jambo la pili namwomba Katibu wa mkutano. Tarehe iliyopangwa imeangukia mwezi mpevu, na ratiba inasema tufungue saa nne asubuhi. Wenzetu wa Fundo hawawezi kufika saa hiyo, diko litakuwa kavu, na wakitaka kutangulia itawabidi waondoke usiku wa manane. Tufungue alasiri, waje na maji.